Mke wa Kwenye Fomu

Karani wa dirisha namba nne alilitaja jina la mke wa mume wangu, na halikuwa langu.

Alilitaja taratibu, kama mtu anayesoma orodha ya vitu vya dukani, kisha akainua macho. "Ndiye wewe?"

"Hapana," nikasema. "Mke ni mimi. Cheti cha ndoa hicho hapo, chini ya cheti cha kifo."

"Nimekiona, dada. Lakini marehemu alipojiandikisha kwenye Mfuko wa Pensheni, miaka sita iliyopita, alijaza kwamba ana mke. Mke huyu." Akagonga kioo cha kompyuta kwa ncha ya kalamu. "Wewe umeolewa miaka minne iliyopita. Sasa hapo, ama yule wa kwanza aliachwa, basi lete hati ya talaka. Ama hakuachwa, basi mko wawili na sehemu ya mjane mtagawana. Au hakuwahi kuwa mke kabisa, lakini hilo huwezi kulisema wewe. Lazima aje mwenyewe na kitambulisho chake, aape mbele yangu, atie saini."

Bosi alikuwa begani kwangu akitafuna kamba ya mkoba. Bosi ni mwanangu, ana miaka miwili na nusu. Baba yake ndiye aliyempa jina hilo, kwa sababu tangu wiki ya kwanza, akilia yeye, watu wazima wote wa nyumba ile walikuwa wanasimama wima. Nami nikawa Mama Bosi, na jina langu mwenyewe likabaki la kwenye karatasi.

"Na huyo mwanamke nitampata wapi?"

"Dada, mimi hapa siozeshi wala siachishi. Nasoma kilichoandikwa." Hakusema kwa ubaya. Aliitazama tarehe ya kifo, akahesabu kwa vidole chini ya meza; nilijua kwa sababu bega lake lilikuwa linacheza. "Halafu Ijumaa mwaka unatimia. Ombi lisipokamilika ndani ya mwaka linapelekwa kwenye kamati. Kule, nikwambie ukweli, mafaili yanaota mvi."

Ilikuwa Jumanne.

Mtu asiyefikwa hudhani kwamba mume akifa na alikuwa akikatwa mshahara kila mwezi, pensheni inakuja yenyewe, inabisha hodi. Haiji. Inaombwa, tena kwa karatasi. Mimi mambo hayo nilikuwa nimeyasoma yote kwenye ubao wa ukutani, maana foleni ya ule ukumbi inampa mtu muda wa kusoma hata majina ya waliochora ramani ya jengo. Mchangiaji akifariki, familia hupewa malipo ya mkupuo mara moja. Baada ya hapo ni pensheni ya kila mwezi: sehemu moja ya mjane, mpaka afe au aolewe tena, na sehemu nyingine ya watoto, mpaka watimize miaka kumi na minane. Asipoacha mke wala mtoto, ndipo wazazi. Cheti cha kifo kilinichukua miezi mitano, kwa sababu hospitali iliandika umri wa mgonjwa wa kitanda cha jirani. Barua ya mwajiri ilichukua mingine sita. Na sasa nilikuwa nimebakiwa na siku tatu na mwanamke nisiyemjua.

Nilitoka pale nikitembea kama mtu anayefukuzwa. Nilivuka barabara mara mbili, nikagundua nimerudi upande uleule.

Mama mkwe, ninayeishi naye, alikuwa kitandani akikunja nguo za Bosi. Sikuketi.

"Mama, mwanao aliwahi kuoa kabla yangu?"

"Nani? Huyu aliyenituma mimi mama yake nikamwombee namba yako ya simu?" Akacheka, kisha akaniona uso. "Kuna nini?"

Nikamweleza. Aliiweka nguo chini, akaikunjua, akaikunja upya. "Hakuoa," akasema. Kisha akaongeza, kwa sauti ndogo, "Labda kule kambini, mwaka ule walipokuwa wanalaza mabomba milimani." Na hiyo "labda" ndiyo iliyonimaliza.

Mume wangu alikuwa fundi bomba wa idara ya maji. Kichomi kilimshika Jumapili, Alhamisi tukawa tumemzika. Mwaka mzima nilikuwa nimelia kilio kimoja, safi. Sasa nikaanza kumpekua. Nilipitisha mkono kwenye mifuko ya mashati yake niliyokataa kuyagawa. Nilisoma upya ujumbe wa zamani kwenye simu yake, na kila "nimechelewa kidogo" ikawa na sura nyingine. Asubuhi yake kazini kwa dobi, ambako mimi ni mpiga pasi, nilinyoosha foronya moja mara nne, mpaka mwenye duka akaniuliza kama foronya hiyo inaenda kuolewa. Nikamwomba ruhusa ya saa mbili. Nilitaka kwenda karakana, kwa wanaume aliofanya nao kazi. Kama palikuwa na mwanamke, wao walimjua.

Fundi Mkuu, msimamizi wao, alikuwa amekaa juu ya kipande cha bomba kubwa akinywa chai. Ni mtu mnene, mpole, ambaye ndevu zake zimetangulia kustaafu. Aliinuka nusu aliponiona.

"Karibu, Mama Bosi. Bosi mwenyewe hajambo?"

"Hajambo, mzee. Shikamoo. Nimekuja kuuliza kitu, na nakuomba usinifiche kwa ajili ya kumstiri marehemu." Nikalitaja lile jina. "Ni nani huyu?"

Chai ilimpalia. Alikohoa mpaka kofia ikamtoka, na nusu ya kikombe ikaishia kwenye ovaroli.

"Nani kakupa jina la mke wangu?"

"Mke wako?"

"Mama Pacha!"

Mama Pacha ndiye aliyenishikia mwavuli siku ya harusi yetu, na kwenye msiba alipika siku tatu bila kukaa. Sikuwahi kumsikia akiitwa vingine. Nani angehangaika kuuliza jina la mwanamke aliyezaa mapacha?

Fundi Mkuu alinivuta nyuma ya rundo la mabomba na kunieleza huku akitazama viatu vyake. Siku watu wa Mfuko walipoleta fomu, miaka sita iliyopita, bomba kuu lilikuwa limepasuka na mtaa mzima unaogelea. Walikuwa na saa moja tu. Yeye akajaza yake haraka, akaitundika kwenye msumari pale mlangoni, akawaambia vijana wake: jazeni kama hii, badilisheni jina na tarehe ya kuzaliwa, na mtu asiache nafasi wazi, maana fomu yenye nafasi wazi inarudishwa.

"Wakajaza kama ile," akasema.

"Kama ile vipi?"

"Kama ile, mwanangu. Neno kwa neno. Mikono ina matope, akili iko kwenye bomba. Mumeo alikuwa hajaoa, lakini nafasi ya mke ilikuwa pale, na mimi nimesema isiachwe wazi."

"Wangapi?"

"Kumi na mmoja."

"Kwa hiyo Mama Pacha—"

"Ukinijumlisha na mimi, ana waume kumi na wawili. Usicheke."

Sikuwa nacheka. Nilikuwa nimeegemea yale mabomba, na mume wangu alikuwa amerudi kuwa wangu. Kwa muda wa pumzi mbili tatu sikutaka kitu kingine chochote duniani, wala pensheni. Aliyecheka ni fundi wanayemwita Koleo, aliyekuwa amelala chini ya gari la idara. "Shemeji," akapaza sauti kutoka kule chini, "mimi nilitaka kwenda kurekebisha, nikaona nitamuudhi mzee. Mtu unamwachaje mke wa bosi wako?"

"Funga mdomo, wewe!" Fundi Mkuu akageuka kwangu, uso umebadilika. "Sasa sikia. Chini ya kila fomu kuna mahali pa msimamizi. 'Nathibitisha kwamba maelezo haya ni ya kweli.' Zote nilitia saini mimi, bila kusoma hata moja. Nimebakiza miezi minane nistaafu. Nakuomba kitu kimoja tu: Mama Pacha asijue. Huyu atakwenda pale dirishani na sauti yake, na mwisho wa siku idara nzima itajua. Kesho asubuhi nitakuja mwenyewe nizungumze na huyo karani kiutu uzima. Yataisha."

Nilimwamini. Alikuwa amebeba jeneza.

Alhamisi nilifika kabla walinzi hawajafungua lango. Nikampa Bosi chupa, nikampa funguo, nikampa barua ya mwajiri mpaka nikamnyang'anya. Saa tatu, saa nne, saa sita. Kila mwanaume mnene akiingia mlangoni nainuka, kisha naketi. Nilipiga simu yake mpaka nikaikariri sauti ya yule dada anayesema haipatikani. Karani alikuwa ananitazama mara kwa mara juu ya vichwa vya watu, na foleni ilipopungua akaniita kwa kidole.

"Hajaja mtu wako?"

"Hajaja."

Akatazama kushoto na kulia, akasukuma karatasi chini ya kioo. "Kuna hii. Fomu ya mlezi. Ukiijaza, sehemu ya mtoto inapita leo hii, bila huyo mwanamke, bila kiapo. Mtoto ni wa marehemu, cheti cha kuzaliwa kinasema, hakuna ubishi."

Niliisoma. Mstari wa kwanza ulisema: *Mimi, ambaye si mwenzi wa marehemu, ni mzazi na mlezi wa mtoto aliyetajwa hapa chini.*

"Na sehemu ya mjane?"

"Inafungwa."

"Inafunguliwa lini tena?"

"Haifunguliwi, dada."

Alinipa kalamu yake, na nikaishika. Nisiwe mwongo, niliishika vizuri, ncha juu ya mstari. Mwenye nyumba alikuwa ameshaacha kunisalimia. Shule ya jioni, ambako mume wangu alinisindikiza kila siku ya mwaka wa kwanza akiwa na Bosi kifuani, mwaka wa pili ulianza bila mimi. Sehemu ya mtoto ingetulisha. Kula tungekula. Lakini karatasi kama hizi haziozi. Siku moja Bosi atatimiza miaka kumi na minane, ataitwa dirishani kufunga faili lake, atajua kusoma, na atasoma kwamba mama yake, kwa mkono wake mwenyewe, alisema hakuwa mke wa mtu.

"Naweza kuirudisha kesho?"

"Kabla ya saa tisa na nusu. Baada ya hapo hata mimi siwezi."

Mama mkwe hakuelewa kwa nini nilikuwa nasitasita. "Tia saini mtoto ale," akasema. "Mimi najua wewe ni mkwe wangu. Mungu anajua. Nani mwingine?"

"Mfuko haujui, Mama."

"Mfuko una macho?"

"Una dirisha."

Alinisonya, lakini kwa upendo, akamchukua Bosi mikononi mwangu kwa sababu nilikuwa nazunguka chumba naye kama mtu anayetafuta mahali pa kumweka.

Ijumaa asubuhi nilikwenda kwanza karakana. Koleo aliniambia mzee ametoka mapema kwenda kukagua bomba mbali, na hakuweza kunitazama usoni alipokuwa ananiambia. Basi nikajua. Nikasimama pale mlangoni, karibu na msumari mtupu, nikamwomba Fundi Mkuu msamaha kimoyomoyo, nikageuza njia.

Nilifika kwa Mama Pacha, ng'ambo ya mji, saa sita imepita; alikuwa anaanika nguo. Binti zake mapacha, wasichana wakubwa, walikuwa wanabishana jikoni nani kamaliza sabuni. Nilimweleza nikiwa nimesimama, bila kupunguza wala kuongeza: jina, msumari, fomu, saini, saa tisa na nusu. Alisikiliza huku ameshika shati la mumewe kwa mabega, kama anayempima.

"Umejua tangu lini?"

"Jumatano."

"Na leo Ijumaa." Akalibana shati kwenye kamba, kibanio kimoja, cha pili. "Siku mbili umemstiri mzee wangu, na mtoto wako ana njaa."

"Hana njaa, Mama Pacha."

"Atakuwa nayo." Akaingia ndani. Nilimsikia akimwuliza mmoja wa mapacha nyundo iko wapi. Kitambulisho chake, kumbe, kilikuwa kwenye sanduku la chuma ambalo ufunguo wake Fundi Mkuu hutembea nao. Vilisikika vishindo vitatu, halafu akatoka amevaa viatu vya kutokea, kitambulisho mkononi, rangi ya kufuli imemganda kwenye vidole.

Tulifika saa nane kasorobo. Foleni ilikuwa imetoka mpaka kwenye ngazi. Kila dakika nilikuwa natazama saa ya ukutani, na saa ile ina tabia ya kusimama halafu kuruka. Watu kumi na tisa mbele yetu, kisha kumi na nne. Mzee mmoja alibishana na karani kuhusu alama ya dole gumba mpaka nikataka kumkopesha la kwangu. Saa tisa na dakika tano tulisimama mbele ya kioo.

"Nimekuja na mtu uliyemtaka," nikasema.

Karani alipokea kitambulisho, akakitazama, akaitazama kompyuta, akakaa wima. "Mama, wewe ndiye mke wa marehemu?"

"Mimi ni mke wa mume mmoja, na huyo mmoja ananitosha kwa maudhi. Marehemu alikuwa kama mtoto wangu, kijana wa kazini kwa mume wangu. Siku anamwoa huyu, nilikuwa nimesimama nyuma yao na mwavuli. Unataka na rangi ya mwavuli?"

"Rangi haina haja, mama. Nachotakiwa kuandika ni jina lako lilifikaje kwenye fomu yake."

Hapo Mama Pacha alinigeukia, nami sikumsaidia. Sikuwa na haki ya kumsaidia. Miezi minane ya mumewe ilikuwa pale juu ya kaunta pamoja na maisha yangu, na aliyetakiwa kuchagua alikuwa yeye. Simu yake ikalia. Akaitazama, akaipokea hukohuko mbele ya kioo.

"Niko wapi? Niko kwa waume zangu." Akasikiliza. Sauti ya Fundi Mkuu ilikuwa inatoka kama nyuki aliyefungiwa kwenye kopo. "Ndiyo, nimevunja. Kwa nyundo yako. Hapana, wewe ndiye unisikilize. Umebeba jeneza la yule kijana, halafu unamkimbia mkewe? Ungekuwa umekufa wewe, wakaniambia mimi si mkeo, ungetaka nani asimame?" Sauti ya upande wa pili ilikuwa imetulia. Alisikiliza muda mrefu kuliko nilivyotegemea, macho yamemlegea. "Haya," akasema, kwa upole sasa. "Haya, mzee wangu. Tutaliona hilo nyumbani."

Akakata. "Andika," akamwambia karani. "Andika mume wangu aliwapa vijana wake fomu yake wanakili, akatia saini bila kusoma. Andika amesema mwenyewe, na Jumatatu atakuja kusema tena kwa mdomo wake."

"Unajua ataitwa kwenye nidhamu?"

"Aitwe. Si ataitwa akiwa hai?"

Karani aliandika. Aliandika haraka kuliko siku zote, kwa vidole viwili, huku ananong'ona maneno. Mama Pacha akaapa, akatia saini, herufi kubwa kubwa kama za mtoto. Mimi nikapewa fomu ya mjane. Nilikuwa nimeisoma mara nyingi ubaoni kiasi kwamba mkono ulikuwa unajua njia, ila kwenye tarehe niliandika mwaka uliopita, nikafuta, nikaandika vizuri. Muhuri uligongwa saa tisa na dakika ishirini na mbili. Karani akanipa stakabadhi yenye namba ya faili.

"Siku sitini," akasema. "Hapo kati wanaweza kuja kukagua nyumbani. Usishtuke. Na fomu ya mlezi niliyokupa jana, nirudishie."

Nikamrudishia. Akaichana vipande viwili, kisha vinne. Halafu akamwinamia Mama Pacha, akateremsha sauti. "Mama, siruhusiwi kukuonyesha. Lakini humu ndani bado una wengine."

"Kumi," akasema Mama Pacha. "Nimeshawahesabu. Na wote wana wake zao."

Nje, jua lilikuwa bado kali. Nilidhani nitakaa kwenye ngazi, nilie kidogo au nicheke, lakini miguu haikutaka. Siku sitini ni nyingi, na jibu linaweza kuwa lolote, lakini namba ilikuwa yangu na ilikuwa kwenye faili la mke. Mama Pacha hakunipa hata nafasi ya kupumua. Alikuwa tayari anashuka, anahesabu kwa sauti wanawake wa karakana: yule wa Koleo mwenye kibanda cha kushona, yule mjamzito wa nyumba ya ghorofa, yule mkali wa nyuma ya kiwanda cha magodoro ambaye hata salamu anaitikia kama anagombana. Wote waje Jumatatu na waume zao, kabla kichomi kingine hakijapita karakana.

"Tunaanza na huyo mkali," akasema. "Tukishapona kwake, wengine ni rahisi."

"Tunamwambiaje?" nikauliza, huku nakimbia kidogo ili nimfikie.

"Ukweli. Kwamba mumewe ni wangu kwa miaka sita sasa, na nimekuja kumrudisha."